Baba mkwe amenisomea Kumbukumbu la Torati 25. Je, ni lazima nirithiwe na shemeji?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa miaka 34, naishi Rorya, mkoani Mara. Mume wangu alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa figo, baada ya kumuuguza miezi saba. Tulijaliwa mabinti wawili. Mkubwa yuko darasa la sita, mdogo ana miaka minne. Mtoto wa kiume hatukubahatika.

Sisi ni Wajaluo, na kwetu mjane hurithiwa, tunaita tero. Mume wangu alipokuwa mzima alikuwa akisema mambo hayo yaliishia kwa babu yake, na ndoa yetu tuliifunga kanisani. Lakini mwezi uliopita baba mkwe aliitisha kikao cha ukoo. Baba mkwe ni mzee wa kanisa. Mila hakuitaja hata mara moja. Alifungua Biblia, akasoma Kumbukumbu la Torati 25, mstari wa 5 na wa 6, akaifunga, akasema, "Hili si neno langu, ni la Mungu." Shemeji yangu, kaka wa marehemu, anafanya biashara Mwanza, ana mke na watoto wanne. Aliinamisha kichwa tu. Mkewe, ambaye tumepikiana uji wa uzazi, alitoka nje akilia.

Tangu siku hiyo naambiwa nikikataa nitakuwa nimelifuta jina la mume wangu, na chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, itawaangukia wanangu. Paa la jikoni linavuja, lakini naambiwa mjane ambaye hajarithiwa hagusi nyumba. Mwalimu, mume wangu nilimpenda. Hilo la jina ndilo linaloninyima usingizi, kuliko hata chira.

Usiku niliisoma sura yote mwenyewe, nikakuta mistari ya 7 hadi 10 ambayo baba mkwe hakuisoma. Kuna habari ya mwanamke kumvua mtu kiatu na kumtemea mate mbele ya wazee. Rafiki yangu wa kwaya anasema hiyo ndiyo njia yangu, nimvue shemeji kiatu kwenye kikao kijacho yaishe. Naweza? Na ni kweli kwamba Mungu ananidai niolewe na shemeji yangu?

Mjane, Rorya

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa hili lililokuja juu ya msiba. Nimefundisha Agano la Kale kwa miaka mingi, na sura chache hunitia uchungu zinaposomwa nusu kama hii. Nitakujibu kwa urefu, maana nataka ukienda kwenye kikao kijacho uende na maneno mdomoni.

Nianze na jambo ambalo peke yake lingetosha. Una mabinti wawili. Kwa sheria hiyohiyo aliyokusomea baba mkwe, kama wanavyoishika wenyewe waliopewa, yaani Wayahudi, huna deni lolote kwa shemeji yako.

Andiko linasema ndugu wakikaa pamoja na mmoja akafa bila kuwa na mwana, mjane asiolewe nje, bali ndugu wa mumewe amtwae. Neno la Kiebrania lililotumika hapo ni ben. Mara nyingi ben ni mtoto wa kiume, na ndiyo maana watu wengi hudhani mabinti hawahesabiki. Lakini marabi, yaani walimu wa sheria wa Kiyahudi, katika Talmudi, mkusanyo mkuu wa mafundisho yao, walilisoma kwa mapana: marehemu akiacha mtoto yeyote, wa kiume au wa kike, au hata mjukuu, mjane wake hafungwi na shemeji. Wala wao si wa kwanza kusoma hivyo. Torati ilipotafsiriwa kwa Kigiriki, karne kadhaa kabla ya Talmudi kuandikwa, mahali hapo pakawekwa neno lenye maana ya "uzao". Na Masadukayo walipomwendea Yesu na kisa chao cha ndugu saba walioachiana mke mmoja, katika Mathayo 22, waliieleza amri ya Musa kuwa ni ya mtu aliyekufa bila watoto. Hata Kiswahili chetu kiko upande wako, kwa sababu kwetu mwana ni mwana, awe wa kike au wa kiume.

Sasa lile la jina linalokunyima usingizi. Fungua Hesabu 27. Dada watano, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, wanasimama mlangoni pa hema ya kukutania mbele ya Musa, mbele ya kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote. Baba yao Selofehadi amefia jangwani, na hakuacha mtoto wa kiume. Wanauliza kwa nini jina la baba yao liondolewe katika jamaa yake kwa sababu hiyo tu. Hilo ni swali lako, mwanangu, na limeulizwa na mabinti. Talmudi inasimulia hoja waliyoisukuma mbele ya Musa: kama sisi tunahesabiwa kuwa uzao wa baba, tupeni urithi wake, na kama hatuhesabiwi, basi mama yetu na atwaliwe na ndugu wa baba. Iweni na neno moja. Ikiwa kuzaliwa kwetu kumemwacha mama huru, basi sisi ni uzao, na aliye uzao hurithi. Musa akaipeleka kesi kwa Mungu, na jibu lililoandikwa katika Biblia ni kwamba binti za Selofehadi wamesema haki.

Kwa hiyo jina la mume wako halijafutika. Liko darasa la sita, na lingine bado halijaanza shule.

Kuna upande wa pili ambao nadhani baba mkwe hajauona, na sisemi hivi kumdharau. Mambo ya Walawi 18:16 inamkataza mwanamume kumtwaa mke wa ndugu yake, na 20:21 inarudia katazo hilo kwa ukali. Kumbukumbu la Torati 25 ni mlango mmoja mwembamba uliotobolewa katika ukuta huo, kwa ajili ya mtu aliyekufa bila mtoto kabisa. Mtoto akiwepo, mlango haupo, ukuta uko palepale. Kwa sheria ya Kiyahudi, shemeji anayemwoa mjane wa kaka yake mwenye mtoto hajatimiza amri. Amevunja mojawapo ya makatazo mazito kabisa ya ndoa za maharimu. Kinachoitwa kwenu neno la Mungu, wenye Torati wenyewe wangekikimbia.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini najua barua hii itasomwa na mjane mwingine ambaye hakujaliwa mtoto, na sitaki afunge ukurasa huu akidhani yeye hana pa kutokea. Naye nina la kumwambia.

Nisikudanganye: katika andiko lenyewe, anayeonekana kukataa ni mwanamume. Mjane ndiye anayekwenda langoni kwa wazee kumshtaki shemeji asiyetaka kumjengea nduguye nyumba. Sheria hiyo ilitoka katika ulimwengu ambamo mjane asiye na mtoto hakuwa na shamba wala wa kumsemea, na ndoa na shemeji ilikuwa sehemu ya kuegemea. Mataifa jirani ya Israeli, Wahiti na Waashuri, nayo yalikuwa na desturi za namna hiyo. Kwa Israeli lengo limetajwa waziwazi: mzaliwa wa kwanza asimame kwa jina la marehemu. Mjane alipewa dai, na jamaa ikapewa mzigo. Ndiyo maana aliyekataa aliaibishwa. Alikuwa anakwepa kazi.

Mara kazi hiyo ikageuzwa kuwa haki ya mwanamume juu ya mwanamke, walimu wa Kiyahudi wakaanza kuuliza maswali. Sehemu ya Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi ulio msingi wa Talmudi, inayoshughulikia jambo hili huitwa Yevamoti, ina sura 16, nayo ndiyo inayofungua kitabu kizima cha sheria za wanawake. Ukiisoma, unawaona watu wakihangaika kutafuta nani hafungwi. Inaanza kwa kuorodhesha wanawake 15 ambao, kwa sababu ya undugu wa damu au wa ndoa na shemeji, hawafungwi wao, na hata wake wenza wao hawafungwi. Shemeji anayehusika ni yule wa baba mmoja na marehemu. Wa mama mmoja tu hahusiki. Na mjane hatwaliwi wala haachiliwi kabla ya miezi 3 kupita, ili ijulikane kama ana mimba.

Halafu kuna kisa cha Sidoni. Nakipenda sana, nami hukisimulia kila ninapopata nafasi. Mtengenezaji wa ngozi alifariki, akaacha ndugu ambaye naye alikuwa mtengenezaji wa ngozi. Ni kazi yenye harufu isiyotoka mwilini. Mjane hakumtaka huyo ndugu. Mtu angeweza kumwambia: ulikaa na kaka yake miaka yote na harufu ileile, leo unakataa nini? Mishna imehifadhi uamuzi wa wenye hekima: mwanamke anaweza kumwambia, "Ndugu yako niliweza kumvumilia, wewe siwezi." Basi. Hakudaiwa sababu nyingine. Mapenzi aliyokuwa nayo kwa marehemu hayakugeuzwa kuwa mali ya ukoo.

Sasa tazama kitu kingine. Mstari ulio juu kabisa ya huu aliosoma baba mkwe, yaani Kumbukumbu la Torati 25:4, unasema usimfunge ng'ombe kinywa anapopura nafaka. Unaonekana umeangukia hapo kwa bahati tu. Marabi hawakuamini hivyo. Walifundisha kwamba mistari hiyo miwili imewekwa jirani kwa makusudi: mjane akiangukia kwa shemeji mwenye ugonjwa wa majipu, asifungwe kinywa. Aachwe aseme, na asikilizwe. Nilipofundishwa hayo kwa mara ya kwanza nilikaa kimya darasani nikimfikiria mama yangu, aliyebaki mjane nikiwa darasa la tano, na vikao ambavyo yeye alitumwa jikoni kupika huku habari zake zikiamuliwa sebuleni.

Umeuliza habari za kiatu. Kwa Kiebrania tendo hilo huitwa halitsa, maana yake kuvua, na ndoa yenyewe na shemeji huitwa yibumu. Nitakueleza linavyofanyika, kwa sababu hadi leo bado linafanyika.

Halifanyiki uani. Hukaa mahakimu 3, na kwa desturi huongezwa wengine 2 wawe 5. Hufanyika mchana. Kwanza wazee humwita mwanamume na kumpa shauri, na Mishna imeeleza shauri gani: kama yeye ni kijana na mjane ni mtu mzima, au yeye ni mzee na mjane ni binti, wanamwambia atafute wa rika lake, asilete ugomvi nyumbani mwake. Sikia hilo, mwanangu. Wazee wa langoni, ambao ungedhani kazi yao ni kumsukuma shemeji amtwae mjane, walifundishwa kumzuia palipo na dalili ya ugomvi. Kwenu kuna mke aliyetoka nje akilia.

Kiatu kinachotumika ni cha pekee, cha ngozi tupu, kimeshonwa kwa ngozi na kina kamba ndefu za kufungia mguuni. Kwa kawaida mahakama inacho chake kilichohifadhiwa kwa kazi hiyo. Mwanamume hukivaa mguu wa kulia, hutembea nacho kidogo mbele ya mahakimu, kisha husimama akikandamiza mguu chini. Mjane husema kwa Kiebrania, kwa maneno ya Torati, kwamba shemeji yake amekataa kumsimamishia nduguye jina katika Israeli. Mwanamume hujibu kwamba hataki kumtwaa. Hapo mjane huinama, huzifungua kamba kwa mkono wa kulia, hukivua kiatu na kukitupa kando. Kisha hutema mate, na si usoni: marabi wameelewa "mbele yake" kuwa ni chini, mbele ya miguu yake, mahakimu wakiyaona. Husema, hivi ndivyo atendewavyo mtu asiyeijenga nyumba ya nduguye. Waliopo hujibu mara tatu: "Aliyevuliwa kiatu!" Na mahakimu humaliza kwa kuomba kwamba binti za Israeli wasifikie tena kuhitaji halitsa wala yibumu. Sala hiyo hunigusa kila mara. Waliokabidhiwa sheria wanaomba isihitajike.

Akitoka hapo, mwanamke yuko huru mbele ya ndugu wote wa marehemu, si yule mmoja tu. Anachukua haki zake za ndoa zilizoandikwa katika hati yake, na anaolewa na amtakaye, isipokuwa mtu wa ukoo wa makuhani.

Sasa sikiliza ni kipi kilishinda kati ya ndoa na kiatu. Mishna ilikusanywa yapata mwaka 200 baada ya Kristo, na tayari inasema kwamba zamani ndoa ilitangulia kiatu, kwa kuwa watu walinuia kutimiza amri. Sasa, kwa kuwa hawanuii hivyo, kiatu kinatangulia ndoa. Mwalimu wao Aba Shauli alikuwa mkali zaidi. Alisema anayemtwaa mjane wa nduguye kwa ajili ya uzuri wake, au kwa shabaha nyingine yoyote, ni kana kwamba amemwingilia aliyekatazwa. Shabaha nyingine yoyote, mwanangu. Wewe unajua nyumba yenu ina shamba kiasi gani.

Marabi hawakukubaliana wote. Maimonides, mwalimu mkubwa wa sheria ya Kiyahudi, katika karne ya 12, aliendelea kuitanguliza ndoa, na jumuiya za Wayahudi wa Yemeni na nchi nyingine za Mashariki ziliendelea nayo. Wengi wa Ulaya walikuwa wameshakatazwa kuoa wake wawili, hivyo shemeji mwenye mke hakuwa na njia ila kuvuliwa kiatu. Mwaka 1950 marabi wakuu wa Israeli, Herzog na Uziel, wakapitisha agizo la kukomesha ndoa hiyo nchini humo: kiatu tu. Shida iliyobaki siku hizi ni ya upande mwingine. Kuna mashemeji wanaokataa kumwachilia mjane mpaka walipwe, au shemeji ni mtoto mdogo na mjane inambidi angoje afikishe miaka 13. Kwa hao wakaidi, sheria ya Israeli ya 1953 inaruhusu hata kufungwa jela. Umeona mahali safari ilipofika: shemeji anabanwa na dola ili amwache mjane aende zake.

Watakutajia Tamari na Ruthu. Uwe tayari.

Tamari, katika Mwanzo 38, hakukosewa kwa kukosa kurithiwa tu. Alifungwa. Mume wake Eri alikufa, Onani akamwingilia bila kutaka kumpa marehemu uzao, naye akafa. Yuda akamwambia akae mjane nyumbani kwa babaye mpaka Shela, mdogo wao, akue. Shela akakua, Tamari hakuitwa. Hakuolewa, wala hakuachiliwa. Ukoo ulimweka kama kitu kilichofungiwa stoo. Ilipofika mwisho, Tamari alipotoa muhuri, kamba na fimbo vya Yuda, Yuda alitamka kwamba yule mwanamke ni mwenye haki kuliko yeye. Mzee wa ukoo alikiri kosa hadharani. Hapo ndipo ningependa wazee wa kikao chenu wasome polepole.

Na Ruthu hakutwaliwa na shemeji. Mumewe Mahloni alikuwa na ndugu mmoja, Kilioni, naye alikufa. Boazi alikuwa jamaa, na Ruthu ndiye aliyemwendea usiku uwanjani na kusema anachotaka. Kiatu cha Ruthu 4 hakivuliwi na mwanamke wala hakuna mate. Jamaa wa karibu anavua chake mwenyewe na kumpa Boazi, kama sisi tunavyotia saini kwenye hati ya kuuziana shamba, na mwandishi anaeleza kwamba hiyo ilikuwa desturi ya zamani ya kuthibitisha neno. Watu huvichanganya viatu hivi viwili kila siku.

Kwa hiyo, kuhusu ushauri wa rafiki yako wa kwaya: usifanye. Najua amesema kwa upendo. Halitsa ni ya mahakama ya Kiyahudi, kwa mjane wa Kiyahudi asiye na mtoto, ambaye amefungwa kweli na anahitaji kufunguliwa. Wewe hukufungwa. Ukimvua shemeji kiatu utakuwa umekubali mbele ya ukoo mzima kwamba alikuwa na dai juu yako. Tena utamtemea mate mtu ambaye, kwa ulivyoeleza, aliinamisha kichwa. Huenda naye hataki, na hana pa kusemea. Kabla ya kikao, nenda ukaongee na mkewe, kisha mwongee naye wote watatu. Mkienda kikaoni na neno moja, baba mkwe hatakuwa na mtu wa kumwoza.

Baba mkwe naye usimfanye adui. Amemzika mwanawe. Anaogopa jina lisipotee, na hofu hiyo ni ya kweli hata kama dawa aliyochagua si yake. Mwombe mchungaji wenu aje kwenye kikao, na mwombe mzee kwa heshima asome tena, safari hii aanzie mstari wa 4 mpaka wa 10, kisha Hesabu 27. Akisoma kwa sauti yake mwenyewe, utakuwa na machache ya kuongeza. Mchungaji pia atawakumbusha Matendo 15, ambapo mitume walikataa kuwatwika watu wa mataifa Torati nzima.

Halafu ombeni yale ambayo ndoa ile ilikusudiwa kuyatoa. Shemeji yako tayari ni baba mkubwa wa wasichana hao. Alipata cheo hicho siku walipozaliwa, na hakihitaji kitanda chako. Aandike mbele ya kikao atasaidia nini katika ada, sare na chakula. Na jina: kwenu mtoto hupewa jina la marehemu. Wajukuu watakuja kwa mabinti hawa, na jina litaitwa uani.

La sheria nitalisema kwa kifupi kwa sababu liko wazi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema kwamba bila kujali mila yoyote iliyo kinyume, mwanamke aliyefiwa na mumewe yuko huru kuishi anapopenda, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanamume amtakaye yeye mwenyewe. Kichape kifungu hicho, ukiweke ndani ya Biblia yako. Wasomaji wangu wa upande wa Kenya nao wajue kwamba Katiba yao ya 2010 inataka ridhaa huru ya wanaooana, na sheria yao ya 2015 ya kuzuia ukatili wa nyumbani imetaja kurithi mjane kwa nguvu kuwa ukatili. Wewe anza taratibu za mirathi mapema: tafuta cheti cha kifo, cheti chenu cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na nenda kwa wasaidizi wa kisheria walio karibu nawe wakuelekeze mahakama ya kufungulia shauri. Mjane anaweza kuteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Usitie saini muhtasari wa kikao ambao hujausoma wote. Ikitokea mtu anakutisha au anaingia nyumbani kwako usiku, hilo si la kikao tena, ni la polisi, dawati la jinsia na watoto, siku hiyohiyo.

Kuhusu chira sitakubeza, maana nimeishi na watu wanaoiogopa na najua hofu hiyo inavyokaa tumboni. Nenda kwa mchungaji na wanao, aombe pamoja nanyi humo ndani ya nyumba, vyumba vyote, na jikoni.

Kisha mwite fundi. Paa hilo lizibwe wiki hii, kabla mvua haijaharibu kuni na unga.

Mwalimu